Bi Chapa na Kitufe cha Bluu

Siku hiyo Mama Sabuni, jirani muuza sabuni, hakubisha hodi. Alipita moja kwa moja mpaka uani, akamkuta mkamwana wa Bi Chapa anaanika nepi, akasimama upande wa pili wa kamba, uso wake ukiwa katikati ya nepi mbili kama mtu anayechungulia dirishani.

"Mama mtoto," alisema kwa sauti ya chini, ile ya chini inayosikika mpaka nyumba ya pili, "mkweo siku hizi anavuja."

"Anavuja nini?"

"Maneno, mwenzangu. Mke wa Kipara kaja hapa kwenu kusoma majibu yake ya hospitali. Hata hajakaa vizuri nyumbani kwake, mtaa mzima unajua kilichoandikwa. Haya niambie, alijua nani zaidi ya Bi Chapa?"

Kipara ni kinyozi wa mtaa, na kweli kichwani hana unywele hata wa kuonyesha mfano. Mwenyewe husema ufundi alijifunzia kichwani kwake, ndiyo maana ya wengine haharibu. Mkewe ni mwanamke mpole, anayesalimia hata watoto wachanga.

"Majibu yamesema nini?" mkamwana aliuliza, ingawa hakutaka kujua.

"Kwamba mwanamke hana tatizo lolote. Mwenza apimwe." Mama Sabuni alisogeza nepi moja pembeni. "Unaona basi? Mawifi walivyomsimanga yule dada wa watu, tumbo limelala, tumbo limelala, kumbe aliyelala ni mwingine. Leo kijana mmoja kakaa kwenye kiti cha kunyolewa, akamuuliza Kipara kama mashine yake ni nzima. Kipara kamfukuza na povu kichwani. Na sabuni yenyewe ya kwangu."

Alicheka peke yake, akaondoka akijifunga vizuri nguo yake, kama mtu aliyemaliza kazi.

Mkamwana hakucheka. Siku ile mke wa Kipara alipokuja, Bi Chapa alikuwa ametoka kwenda kununua karatasi. Aliyekuwa ofisini alikuwa yeye, na mtoto mapajani.

Ofisi yenyewe ni chumba cha mbele cha nyumba yao. Kuna benchi la wateja, mashine ya fotokopi inayokohoa kabla ya kutoa karatasi, kompyuta ambayo Bi Chapa huchapia, na pembeni kompyuta ya wateja. Hiyo ya wateja, kioo chake kinatazama ukutani, hivyo anayeitumia huegemeza mgongo kwenye ukuta na hakuna wa kumchungulia begani. Bi Chapa ndiye aliyeipanga hivyo. Fundi wa umeme alipolalamika kwamba waya haufiki, alimwambia basi auongeze waya, siyo ageuze kiti.

Ndivyo alivyo, na ndivyo alivyokuwa tangu usichana wake. Alianzia kazi kwenye ofisi ya wakili, akipiga chapa mambo ambayo watu hawayasemi hata kwa ndugu zao: talaka, wosia, mtoto anayekataliwa na baba yake. Huko ndiko alikojifunza kwamba mashine ya chapa ina ulimi wake. Utepe wake unabeba kila herufi iliyopigwa, na mwenye subira akiuvuta kwenye mwanga anasoma barua nzima. Karatasi ya kaboni ndiyo kabisa, hiyo husomeka kwa macho matupu. Basi kila jioni, kabla ya kufunga, alikusanya kaboni na tepe zilizokwisha, akazitia jikoni kwenye moto. Alipofiwa na mumewe akaanza kufanyia kazi nyumbani, desturi ilibaki ileile. Mwanawe, ambaye leo ni dereva wa lori na huonekana nyumbani kwa nadra, alimwambia mkewe walipooana kwamba harufu ya kaboni inayoungua ndiyo iliyomjulisha kwamba chakula cha jioni kimekaribia.

Watu walimwamini. Aliwahi kumchapia mwanamke madai ya talaka, na mumewe alipokuja akamchapia majibu, na wote wawili walimsifu. Ukikutana naye sokoni anakusalimia kama mtu asiyekujua unakaa wapi. Walisema ana kifua. Ukimpa jambo, umelizika.

Kompyuta zilipokuja alijifunza ukubwani, kwa jino na ukucha. Kuchapa hakukumsumbua, vidole vilijua njia. Kilichomsumbua ni maswali. Kila ukigeuka, kioo kinauliza jambo, kwa Kiingereza cha harakaharaka, na chini yake vitufe viwili, kimoja cheupe na kimoja cha bluu. Bi Chapa alijaribu cheupe, swali likarudi. Alijaribu cha bluu, likaondoka na kazi ikaendelea. Hapo akapata dawa. Siku aliyomwekea mkamwana mkono juu ya kipanya kwa mara ya kwanza, alimpa somo lake lote kwa maneno machache.

"Likitokea swali, bonyeza ya bluu. Ya bluu haigombani na mtu."

Mkamwana aliishia shule ya msingi. Alifurahi kupata sheria iliyo fupi namna hiyo, akaishika.

Na ndivyo alivyofanya siku ile. Mke wa Kipara aliingiza namba yake ya simu na neno lake la siri kwenye ukurasa wa hospitali, kikashuka kijiswali kidogo kutoka juu. "Dada, na hili nini tena?" akauliza. Mkamwana aliinama juu ya kichwa cha mtoto, akiyakwepesha macho yasiangukie pasipo pake, akabonyeza ya bluu. Swali likaenda zake. Mwanamke alisoma kwa muda mrefu. Alijifuta machoni, akasoma tena. Alipomaliza aliomba yafungwe yote, nayo yakafungwa, hata kioo kikazimwa. Kabla ya kutoka alikishika kidogo kiguu cha mtoto, akakitikisa kama anayesalimiana na mtu mzima.

Mkamwana alimaliza kuanika nepi akaingia ofisini. Benchi lilikuwa tupu. Bi Chapa alikuwa ameketi mbele ya mashine yake bila kuchapa.

"Amekuja yule mzee wa barua ya kiwanja," alisema bila kugeuka. "Kaichukua barua yake. Anasema ataiandika kwa mkono."

Mkamwana alisimama mlangoni, akimpigapiga mtoto mgongoni ingawa mtoto hakuwa analia.

"Umesikia wanayosema?" Bi Chapa aliuliza.

"Nimesikia, mama."

"Ulimwambia mtu?"

"La, mama. Sikuona hata herufi moja."

"Najua. Na mimi sikuwepo. Baada yake alikaa nani pale?"

Alikuwa fundi cherehani, ambaye kibanda chake kinatazamana nao. Bi Chapa aliita kutoka mlangoni, naye akavuka barabara na futikamba yake shingoni, labda akijua anaitiwa nini, maana alisalimia mara mbili.

"Fundi, ulikuja kutafuta nini kwenye mashine yangu?"

"Miadi ya macho, mama. Sindano siku hizi naitunga kwa kubahatisha."

"Ukafanyaje?"

"Niliandika herufi za mwanzo za hospitali, ikanifungulia. Nikakuta pa kuandika pameshaandikwa, namba, halafu vidoti, halafu kitufe. Nikabonyeza."

"Kitufe gani?"

"Cha bluu."

Bi Chapa alifumba macho kidogo.

"Nikawa nasoma nikijua ni macho yangu," fundi aliendelea. "Nafika 'mwenza apimwe', nikajiuliza, mwenza wangu yupi, mimi kapera? Ndiyo nikatazama jina juu."

"Ulipoona jina si lako, ukafunga?"

Fundi alianza kuikunja futikamba, akaikunjua, akaikunja tena. "Nilimwambia mtu mmoja tu."

"Nani?"

"Mama Sabuni."

Fundi akaaga kwa nyuma nyuma mpaka barabarani.

Bi Chapa alikwenda akaketi kwenye kiti cha wateja, mgongo kwenye ukuta aliouchagua mwenyewe. Aliandika herufi za mwanzo za hospitali. Ukurasa ukaja mbio, na namba ya mke wa Kipara ikiwa imeshajaa, na vile vidoti vya neno la siri vimejipanga, vinangoja kidole tu. Hakubonyeza. Alikitazama kitufe kile cha bluu kama mtu anayetazama jirani wa siku nyingi aliyekamatwa na mali ya watu.

"Kumbe na hii ina kaboni," alisema polepole. "Na mimi kila jioni naifunika kitambaa naenda kulala."

Mkamwana alitamani ardhi imfunike. Kilichomuumiza zaidi ni kwamba hakugombezwa. Angegombezwa angalau angepata pa kulilia.

Asubuhi yake fundi wa kompyuta aliletwa. Bi Chapa aliurudisha mlango nusu, jambo ambalo halikuwahi kuonekana mchana wa siku ya kazi. Fundi huyu ni kijana mwenye heshima zake, mwenye mkoba wa nyaya. Alisikiliza, akaguna, akafungua mahali ambapo mashine huweka maneno ya siri iliyopewa kila ya bluu ilipobonyezwa. Majina yakaanza kushuka. Ulikuwa mtaa mzima: waliokuja kutafuta kazi, waliofungua akaunti za benki, waliomwandikia barua mtu asiye mke wao. Bi Chapa alivua mtandio wake kichwani akaifunika nao ile orodha yote, kioo na pembe zake.

"Futa," alisema. "Na usisome."

"Mama, nitafutaje bila kuona?"

"Utajua wewe. Wewe ndiye fundi."

Kijana alifikiri, akainua pindo la mtandio, akaingiza kichwa chake ndani kama wapiga picha wa zamani, akafutia humo humo gizani. Mkamwana alimtazama mkwewe akiwa kichwa wazi mbele ya mwanaume, mvi zake zote nje, na Bi Chapa hakujali, au hakuweza kujali vyote viwili kwa wakati mmoja.

"Hiki kinachokumbuka kumbuka kinaitwaje?" Bi Chapa aliuliza, fundi alipochomoza.

"Kivinjari, mama. Ndicho mlango unaopitia kwenda mtandaoni. Viko vingi, unachagua."

"Basi nichagulie chenye kifua."

Fundi alicheka, akaona anacheka peke yake, akaacha. Alianza kwa kukagua hiki kilichokuwepo na kushangaa kwamba hakijasasishwa tangu kilipowekwa. Kila toleo jipya, alieleza, linaziba matundu ambayo wezi wameyagundua kwenye lile la zamani. Asiyesasisha analala na mlango ambao funguo zake zinauzwa sokoni. Kwani hakikuwa kikiomba?

"Kiliomba," Bi Chapa alikiri. "Lakini kilikuwa kinakula bando. Kila kikiomba nilikikatalia."

"Hapo hukubonyeza ya bluu?"

"Hapo ya bluu ilikuwa na gharama."

Mkamwana aliuma mdomo, akageuza uso kwa mtoto.

Ikawa sasa kama mtu anayetafuta mtumishi wa ndani. Fundi anakileta kivinjari, Bi Chapa anakihoji. Cha kwanza kilikuwa na kasi, kinatumiwa na wengi, na kinajaza majina kabla mtu hajamaliza kuyawaza.

"Unasema ni cha bure. Nani anakilipa mshahara?"

"Ee... wenye matangazo, mama. Kinaangalia watu wanatafuta nini, halafu..."

"Mmbeya wa kuajiriwa. Mweke pembeni."

Cha pili kilikuwa na mapambo mengi, na kilikuja na vikorokoro vya kupakua filamu na kubadilisha rangi. Bi Chapa akauliza waliokitengeneza ni akina nani. Fundi akapekua, akapekua, hakupata zaidi ya jina la mtaani.

"Mtumishi asiyejulikana kwao simwingizi ndani. Na hivyo vikorokoro vyake, vinaona ninachoandika?"

"Baadhi vinaona, mama."

"Lete mwingine."

Cha tatu hakikuwa na uzuri wa kutazamwa. Waliokitengeneza walijulikana, kilijisasisha chenyewe, na kiliweza kupangwa ili kila kinapofungwa kisahau kila kitu: kurasa, majina, maneno ya siri, yote. Fundi hakukisifu kupita kiasi. Alisema kivinjari chochote, kazi ni kukipangia. Hata kile cha kwanza ukikibana kinanyamaza kiasi, ila hiki hakihitaji kubanwa sana. Na hakuna kivinjari cha kumziba macho mtu anayetazama vidole vya mwenzake.

"Lakini nikwambie ukweli, mama yangu. Wateja watalalamika. Watu wamezoea kufika wakakuta wameshaandikiwa. Yule mwenye ofisi ya kona, mashine yake inawakumbuka mpaka na wajukuu zao. Wataenda kwake."

Bi Chapa alijifunga mtandio taratibu.

"Waende," alisema. "Weka hicho."

Na kweli walikwenda. Mwalimu mstaafu, ambaye hajawahi kulikumbuka neno lake la siri hata mara moja, aliketi, akangoja ajaziwe, akaona patupu.

"Mbona jana mashine ilikuwa inanijua?"

"Leo haikujui, mwalimu. Na kesho haitakujua."

"Kwani nimeikosea nini?"

Akachukua kofia yake akaelekea kona. Wengine walipouliza kulikoni, Bi Chapa aliwajibu neno moja: "Tumeboresha." Alilisema vizuri, kwa adabu, huku akipanga karatasi. Mkamwana kila akilisikia masikio yake yalipata moto. Mashine ilikuwa imetengenezwa, ndiyo, mtu yeyote angekuja sasa angekuwa salama. Lakini yaliyokwisha kutoka yalikuwa bado yako nje, yanatembea, na kwa Kipara hakuna aliyekwenda kuwaambia yalitokea mlango gani. Kusema kungekuwa kukiri kwamba yule mwenye kifua alikuwa na tundu. Bi Chapa hakusema. Na mkamwana, ambaye kidole kilikuwa chake, hakusema pia.

Mama Sabuni alirudi, safari hii kwa mlango wa mbele na kwa sura ya kusaidia. Mkamwana alikuwa nyuma ya pazia akinyonyesha.

"Bi Chapa, mimi nimekuletea ushauri," alisikia. "Fundi cherehani kanieleza mambo ya mashine. Sasa wewe usikae unachafuka bure. Siku ile hukuwepo. Sema ni mkamwana. Binti kaishia shule ya msingi, ana mtoto mchanga, usingizi haumtoshi, nani atamlaumu? Watu watasema ah, yule binti, basi. Jina lako linabaki juu pale pale."

Mkamwana alingoja amsikie mkwewe akisema hapana. Alisikia stepla. Ikagonga, ikagonga, ikanyamaza.

"Nitafikiri," Bi Chapa alisema.

Mtoto alishiba akalala, na mama yake aliendelea kukaa vilevile na kifua wazi, hana nguvu ya kujifunika. Hakumchukia mkwewe. Alichukia kwamba maneno ya Mama Sabuni yalikuwa ya kweli: aliishia shule ya msingi, na kidole kilikuwa chake. Siku ile aliosha mikono mara nyingi kuliko vyombo. Usiku alimwimbia mtoto na sauti ikamkataa. Mume alipopiga simu kutoka njiani akauliza habari za nyumbani, alimwambia nzuri, mtoto ameota jino.

Kisha akakutana na mke wa Kipara kwenye mashine ya kusaga.

Walijikuta wamefuatana kwenye foleni, ndoo kwa ndoo, na injini inanguruma kiasi kwamba mtu angeweza kusingizia hakuona wala kusikia. Mkamwana aliinamisha kichwa ajifanye anamfunga mtoto. Mke wa Kipara ndiye aliyemsalimia. Alikuwa amekonda. Hakumgusa mtoto safari hii, mikono ilishika ndoo.

"Naomba nikuulize," alisema, akisogea karibu kwa sababu ya kelele. "Wewe ulikuwepo. Siku ile nilisema kitu? Labda wakati natoka? Nilijisemea hata peke yangu?"

"Hapana, dada. Hukusema kitu."

"Kwa sababu Kipara anasema nimekaa mahali nikamtangaza. Anasema majibu nilisoma mimi, na mdomo ninao mimi, basi nani mwingine? Hanisemeshi. Chakula anakula mezani kwa dada yake, na wifi yangu ndiye anayeniambia kwamba kala." Alifuta unga kwenye kope. "Nilikwenda pale kwa ajili ya mkweo. Nyumbani simu ni moja na yeye huifungua, nikasema nitasoma kwa Bi Chapa, pale hapatoki kitu. Nilitaka kwanza nitafute namna nzuri ya kumwambia. Nilikuwa nimeshaipata kabisa. Sasa najiuliza mpaka naanza kuamini kwamba nilisema. Labda usingizini. Mtu anaweza kusema usingizini?"

Zamu yake ikafika. Akamimina mahindi, na injini ikapandisha sauti. Mkamwana alifungua mdomo. Alikuwa na maneno yote, mafupi tu: mashine, kitufe, kidole changu. Hayakutoka. Mke wa Kipara alijitwika ndoo yake, akasema "haya, msalimie mama," akaenda, na mkamwana akabaki amesimama mpaka wa nyuma yake akamsukuma. "We mama, unasaga au unaota?"

Alifika nyumbani na unga bado wa moto. Bi Chapa alikuwa ofisini anakata karatasi za vyeti, peke yake, jua la alasiri limemfikia miguuni. Mkamwana hakuweka ndoo chini. Alisema yote akiwa ameisimamisha kichwani, kwa kuogopa kwamba akiitua atapata kazi nyingine ya kufanya.

Bi Chapa aliacha kukata.

"Anasema labda alisema usingizini?"

"Ndiyo, mama."

"Sema tena alivyosema."

Alisema tena. Bi Chapa aliweka mkasi mezani, akausawazisha na ukingo wa meza, akautazama.

"Na mimi nahangaika na kivinjari," alisema.

"Mama, nitakwenda mimi." Mkamwana sasa aliitua ndoo. "Niliyebonyeza ni mimi. Mama Sabuni alisema kweli, watanisamehe. Mimi sina jina la kupoteza."

"Alikwambia nani ubonyeze ya bluu?"

Mkamwana alianza kupangusa unga kwenye mdomo wa ndoo.

"Nakuuliza, mwanangu. Alikwambia nani?"

"Wewe, mama."

"Haya. Siku ile Mama Sabuni anaongea, ulikuwa nyuma ya pazia."

"Ndiyo."

"Ulisikia nilivyomjibu."

"Nilisikia."

"Sikuwa nafikiri. Nilikuwa napima. Nilikuwa nakupima wewe na jina langu, naona lipi ni zito. Na mtoto wako mgongoni, na mwanangu yuko barabarani anajua nakutunza. Nilipima hivyo hivyo."

Mkamwana hakujua pa kutazama. Hajawahi kumwona mkwewe akitafuta neno. Maneno ya wengine aliyapata daima, nukta na mkato. Alitazama chini, akaona viatu vya Bi Chapa vya kutokea vimeshawekwa pembeni ya kiti, vimepigwa rangi. Labda vilikuwa pale tangu asubuhi. Labda tangu jana. Bi Chapa alivivaa, akasimama, akafika mlangoni, akarudi akaketi.

"Kipara atakuwa na wateja sasa hivi," alisema.

"Wapo wawili. Nimepita pale."

"Wakiwa wawili watasikia na wao."

"Watasikia, mama."

"Basi na wasikie, maana yale ya uvumi pia waliyasikia." Lakini hakuinuka. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la mtandio, akaifuta tena ilhali ilikuwa safi. "Tatizo mimi mdomo wangu nimeufunga maisha yangu yote. Haujui kusema. Nikiufungua mbele ya Kipara, na mkewe kasimama pale ananitazama, sijui utakimbilia wapi. Unaweza kukimbilia kwako, mwanangu. Nimeshauona."

Akanyoosha mkono, na mkamwana akaushika, akamsaidia kusimama.

"Twende, unisindikize. Usikae nje, ingia nami, simama hapa ubavuni. Na nikikutaja wewe pale, hata kwa mbali, hata nikisema tu kwamba siku ile sikuwepo, nikanyage mguu. Ukanyage hasa, usinionee haya."